Wikendi Inayofuata Chungu

Baltazari,
Katibu, Kikundi cha Kulimiana,
Milanzi, Sumbawanga.
Alhamisi, asubuhi.

Kwa Wahandisi wa Kalenda Iliyomo Ndani ya Simu Yangu,
Popote Mlipo.

Ndugu Wahandisi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIKU ZA MAPUMZIKO, PAMOJA NA OMBI LA BARUA YENYE MUHURI KWA MKE WANGU

Pokeeni salamu kutoka huku juu Ufipa, ambako baridi ya asubuhi hii ingewavalisha makoti mawili. Mimi ni mzima, ila shamba langu si zima, na ndoa yangu inakohoa. Vyote viwili vimetiwa ugonjwa na kalenda yenu.

Ninaandika leo Alhamisi kwa kuwa, kama mtakavyoona hapo mbele, Alhamisi ni siku yangu rasmi ya mapumziko. Nyumba imetulia ajabu. Hata mke wangu Redempta hajapiga kelele tangu alfajiri, jambo ambalo nalichukulia kuwa ni heshima kwa mtu anayeandika barua ya kiofisi.

Kwanza niwaeleze desturi yetu, maana naona huko kwenu haikufika. Mtu akitaka kulimiwa shamba hapa, mke wake hupika pombe ya ulezi, tunaiita kimpumu. Siku pombe inapoiva, wanakikundi hufika na majembe, wanalima mpaka shamba liishe, kisha wanakunywa mpaka chungu kiishe. Wasiotumia kilevi hutengewa togwa. Asiyefika hutozwa kuku. Utaratibu huu umedumu bila umeme wala mtandao, mpaka nilipochaguliwa katibu nikasema tuingie katika maendeleo. Nilinunua simu kwa kijana Kheri pale mjini, nikaingiza namba za wanakikundi wote ndani ya kalenda yenu ili iwe inawatumia ujumbe yenyewe. Niliwasifu sana mbele ya mkutano. Nilisahau kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Simu ile, kumbe, ilitengenezewa watu wa Uarabuni, na kalenda yake iliamini kwamba wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Sina ugomvi na imani hiyo. Kila nchi na mapumziko yake. Lakini mimi nilikuwa nimepanga shamba langu lilimwe Ijumaa asubuhi. Muhidin mwenye duka aliahidi kulima mapema kisha awahi swala, na Yonas, ambaye ni Msabato, angeweza kufika kabla Sabato yake haijaingia. Kalenda yenu ikaona Ijumaa ni wikendi, ikaruka. Ikaona Jumamosi ni wikendi, ikaruka tena. Ikatua Jumapili, ikawaandikia wanakikundi wote kwamba kazi imesogezwa, bila kuniuliza mimi mwenye shamba.

Ujumbe wa kukumbusha uliingia Jumapili katikati ya mahubiri. Simu ya mzee Fransisko ililia kwanza, ikafuata ya Bertilla, halafu yangu, ambayo nilikuwa nimeiwekea mlio wa jogoo. Padri alitutazama mmoja mmoja. Baada ya Misa wanakikundi walikuja kwangu, ndiyo, lakini walikuja bila majembe, wakasema Jumapili hawashiki jembe ila kibuyu hakijakatazwa. Chungu kiliisha na shamba halikuguswa.

2. Nilibadilisha mipangilio, nikaiambia simu kwamba mimi ni Mtanzania. Ikakubali, ikasema wikendi yangu sasa ni Jumamosi na Jumapili. Redempta akapika pombe ya pili. Safari hii, kwa kuwa nimejifunza, niliingiza kila hatua ndani ya kalenda: kuloweka ulezi, kuanika kimea, kupika, na kuiva. Baridi ikachelewesha kimea, hivyo ilionekana pombe itaiva Jumamosi. Kalenda yenu ikaisogeza. Namaanisha ilisogeza kuiva. Iliandika kwa rangi ya kijani kwamba Pombe ya Redempta itaiva Jumatatu, kwa sababu Jumamosi si siku ya kazi.

Mimi niliiamini, maana iliandikwa vizuri. Redempta aliniambia Jumamosi kwamba chungu kinachemka chenyewe na harufu imefika barabarani. Nilimwonyesha kioo cha simu. Aliniangalia kwa namna ambayo mwanamume aliyeoa ataifahamu.

Jumatatu pombe ilikuwa imechacha hata nzi walikuwa wakiizunguka kwa mbali. Mzee Fransisko peke yake ndiye aliyekunywa, kwa kuwa yeye hatupi kitu, na siku zilizofuata tulimsalimia shikamoo kupitia mlango wa choo. Wengine waliondoka na majembe yao makavu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na majirani walikuwa wameshapanda.

Siku hiyohiyo, mbele ya dada yake Luciana, Redempta alitamka kwamba yeye hakuolewa ili awe mpika siki. Chungu cha tatu kikichacha, anarudi kwao Kaoze, na mahindi nitakula yale yaliyomo ndani ya simu. Begi lake liko nyuma ya mlango. Nililiinua kidogo kwa siri, nikalikuta zito.

3. Hapo ndipo nilipoamua kuikomesha dhuluma kutoka kwenye mzizi wake. Kama tatizo ni kalenda kutozijua siku za mapumziko za watu, basi nitaifundisha za watu wote. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikauliza kila mwanakikundi siku yake ambayo hataki kusumbuliwa. Muhidin alisema Ijumaa. Yonas, Jumamosi. Jumapili ilijitaja yenyewe. Maganga, ndugu yetu Msukuma mwenye maksai ambao ndio nguvu yetu, alisema Jumanne ni mnada na mnada kwake ni sikukuu. Bertilla ana sala za Jumuiya Jumatano. Mzee Fransisko alisema Jumatatu huwa anapumzika uchovu wa Jumapili, nikaona ni hoja.

Nikabaki mimi. Ndugu Wahandisi, niambieni kwa haki: kikundi kizima kina wikendi, katibu peke yake hana? Nilichukua Alhamisi. Nikaingiza zote, na kalenda ikawaarifu wanakikundi kwamba kila Alhamisi Katibu Baltazari yuko mapumzikoni, asisumbuliwe kwa jambo lolote.

Baada ya hapo nikaiambia ipange siku ya kulima shamba langu. Ikazunguka. Ikazunguka mpaka simu ikapata moto nikaiweka dirishani ipoe. Mwisho ikaandika kwamba imesogeza shughuli hadi siku ya kwanza ya kazi inayopatikana, nayo ni katika mwaka 2099. Nitakuwa nimekufa, ndugu zangu. Na sidhani kama Redempta atasubiri.

4. Nilipoingia kwenye orodha ya maeneo ili nijirekebishe, nilikuta visiwa ambavyo nadhani vina kaa wengi kuliko watu, na kila kisiwa kina wikendi yake imetambuliwa. Ufipa haimo. Sumbawanga haimo. Uwanda wote huu, wenye mahindi yanayolisha watu mpaka wanasahau yametoka wapi, haumo. Ninaliona hili kuwa ni dharau, na nimelisema hivyo kwa sauti nikiwa peke yangu.

Kutokana na hayo, maombi yangu ni machache na ya mtu mwenye akili timamu.

Naomba muiingize Ufipa kama eneo linalojitegemea, na wikendi yake isiwe siku yoyote ya juma bali ifuate chungu. Pombe ikiiva Jumanne, Jumanne ndiyo wikendi. Ikiiva mara mbili, tuwe na wikendi mbili. Simu ipewe pua ya kunusa, kama tayari mmeipa jicho na sikio sioni pua inawashinda kwa nini. Ikishindikana kabisa, ongezeni siku ya nane kati ya Jumatano na Alhamisi, ambayo haina dini, haina mnada wala mazoezi ya kwaya, na itumike kwa kilimo tu. Mkiwa mmeweza kusogeza kuiva kwa pombe, siku moja zaidi haiwezi kuwasumbua.

Zaidi ya yote, naomba barua yenye muhuri kwa Bi. Redempta, ikieleza kwamba kosa ni lenu na si la mumewe, na kwamba mumewe alitahadhari mapema. Muhuri uwe mkubwa, wa duara, wa wino wa bluu. Chungu cha tatu kiko jikoni, naamini kitaiva kesho au keshokutwa, na mimi sina siku ya kukilimia. Nikikosa barua hiyo nitamkosa mke. Sitanii. Nyumba bila Redempta sijui hata chumvi inakaa wapi.

Wasalimieni wote hapo kiwandani, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Wasalimieni na wake zenu, na waulizeni kama wao wanayo wikendi. Muhidin, Yonas, Maganga, Bertilla na mzee Fransisko wanawasalimu, ingawa leo sijamwona hata mmoja wao nimwambie kwamba anawasalimu.

Ni mimi katika kulima, nikijaliwa kulima,

Baltazari, Katibu.

N.B. Nilikuwa nimetoka kwenda dukani kwa Muhidin kununua bahasha. Nilimkuta mkewe, Mwasiti, peke yake. Aliniuliza kwa upole kama naumwa, maana kikundi chote kiko shambani kwangu tangu alfajiri.

Nilikimbia, ndugu zangu. Nilikuta wanafuta majembe kwa majani. Shamba lote limelimwa, maksai wa Maganga wanakula pembeni, Yonas na Muhidin wanagawana togwa, na mzee Fransisko anaimba. Jana jioni Redempta alipita kila nyumba na kibuyu cha kuonja, kama mama yake alivyokuwa akifanya, akamuuliza kila mtu kesho utaweza? Hakuna aliyetaja wikendi. Alhamisi wote walikuwa na nafasi. Mimi sikuulizwa, kwa sababu nilishawatumia ujumbe kwamba Alhamisi nisisumbuliwe kwa jambo lolote.

Kwa kuwa katibu hakuwepo, Bertilla ndiye aliyeita majina. Alikosekana mtu mmoja. Nimetozwa kuku kwa kutofika kwenye shamba langu mwenyewe, na uamuzi ulipita bila kupingwa. Ile barua yenye muhuri naomba msiiandike tena. Siku ya nane nayo iacheni.

Begi limerudi juu ya kabati, nimelinyanyua, ni jepesi. Redempta ameniwekea kibuyu kimoja mezani na nakinywa huku nikimalizia kuandika. Pombe ni tamu, imeiva siku yake. Kuku nitamkamata kesho Muhidin akitoka kuswali, ili yeye ndiye amchinje na sote tuweze kula.