Wajomba Niliowaua Nipewe Likizo

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa pili sijamwona mke wangu. Winchi, mwendesha kreni ninayelala naye chumba kimoja hapa kambini, kapewa likizo kwa sababu ya mgongo. Mgongo ule ule anaochezea mpira. Anafunga begi huku anapiga mluzi. Msimamizi kasema anayeumwa sana ndiye anayekwenda kwao. Basi nitaumwa sana. Sista wa zahanati ya kampuni anawatafuta wenye saratani ya utumbo mpana kwenye ukoo. Nimepata pa kupitia.

Jumanne, 4 Machi
Nimewaua wajomba wawili. Wote wazima, mmoja ana duka na kitambi. Sista akauliza walikufa na umri gani. Nikasema themanini, kwa heshima. Hakushtuka. Akauliza, na baba je? Hapo sikuwa nimejiandaa, nikasema kweli: tumbo, chooni damu, arobaini na miwili. Shangazi? Hivyo hivyo, hata hakufika arobaini. Sista akaweka kalamu chini. Kasema wajomba niwaache wapumzike. Wanaomtia hofu ni hawa ndugu wawili waliokwenda mapema. Mimi nina arobaini na mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Tangu jana dawa ya kusafisha tumbo, kwa agizo la Sista. Choo cha kambi nimekihamia. Wenzangu wakigonga wananiita mwenye nyumba. Leo hospitali wamepitisha kamera mahali ambapo mke wangu asisikie. Wamekuta vinyama viwili, wamevikata. Daktari kasema vingeachwa vingegeuka saratani. Nikashukuru, nikaomba likizo. Kasema nisiende mbali, nisubiri majibu. Yaani ugonjwa wa kunirudisha nyumbani ndio umenifunga hapa.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia dada, anayekaa na mke wangu. Nimemwambia naye akapimwe, damu yetu ni moja. Akasema, kumbe baba angepona, mdogo wangu. Nyuma yake nikasikia mtu anafagia uani. Naujua mkono ule. Dada akataka kumwita. Nikasema amwache kwanza, asikate simu tu, nisikilize ufagio.

Jumatano, 12 Machi
Majibu mazuri. Nitapimwa kila mwaka. Sista kasisitiza ndugu zangu wote wapimwe. Nikamwambia nina dada mwingine, yule wa ufagio, huyo sharti aletwe hapa hapa. Akauliza tunachangia baba na mama? Nikasema tunachangia kila kitu, hata kitanda. Akanikazia macho.
Kesho nitamweleza kwamba kwetu vitanda vilikuwa vichache.