Springi za Kumbebea Mjomba

Jumatatu, 4 Julai 1955. Kinondo.

Posa yangu imefika! Haijajibiwa, imefika tu, lakini leo nimetembea barabarani kifua mbele. Bi. Mbeyu, mama yake Mwanarusi, ameipokea vizuri, akanipa kahawa, akasema jibu si lake. Jibu ni la kaka yake, Mzee Chirau wa Msambweni. Kwetu binti haozwi mpaka mjomba aseme, hata akiwa mjane mwenye akili zake. Mjomba atakuja Jumatano ya wiki ijayo. Ila ana kiuno kibovu, na anatafutwa mtu wa kumleta.

Nilisema mimi kabla Bi. Mbeyu hajamaliza. Nina gari! Dogo, la milango miwili, nililonunua kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Linadunda kidogo. Linadunda sana. Sefu, mwenye lori la kubebea mbata, zile nazi zilizokaushwa, alikuwepo, eti amekuja kununua nazi. Akacheka, akasema ndani ya kile kigari mzee atahesabu mawe yote ya Msambweni kwa makalio.

Kwa nini acheke? Kwa sababu ni mjane naye, na anamtaka Mwanarusi. Ushahidi sina, lakini meno yake nimeyaona.

Jumanne, 5 Julai.

Ukunda, kwa fundi Kaingu. Nimemwambia nataka mjomba asijue kama gari linakwenda. Kaingu akaingia uvunguni, akatoka na mchanga masikioni, akanipa njia tatu. Kwanza, kuongeza majani ya springi, zile bapa za chuma zinazobeba gari, nyuma. Pili, kuagiza Mombasa shokamzoba mpya, yaani vile vikopo vinne vya mafuta vinavyozuia gari lisirukeruke. Mwezi mzima! Tatu, kuvijaza vikopo vya zamani mafuta yake maalumu, ambayo atayatafuta Likoni, kisha niendeshe polepole.

Fundi anayekushauri uendeshe polepole hajiamini. Nimechagua majani. Mawili kila upande, tena ya lori.

Jioni. Gari limeinua nyuma, nikikaa naona ardhi tu. Nimekanyaga kifuu kimoja cha nazi, nimejiuma ulimi. Dada yangu Kadzo ameleta ujumbe kutoka kwa Mwanarusi: nisihangaike, mjomba wake si yai, nimchukue tu kwa wakati. Maskini, anaona haya kunidai mambo makubwa.

Alhamisi, 7 Julai.

Majani ya lori yametolewa. Nikamweleza Kaingu kwamba ikiwa kuongeza kunaleta ugumu, basi kupunguza kutaleta ulaini. Atoe na mengine mawili, ya asili. Alikataa. Nikamwita mwoga. Akatoa.

Gari sasa ni laini kabisa. Limelala. Kutoka Ukunda mpaka Galu nimekwenda nikichora barabara kwa bomba la moshi. Mama mmoja alisimama kando akaniambia kwamba kama ndiyo kazi yangu siku hizi, basi nipite na shambani kwake, ana matuta mawili ya muhogo hajayalima. Nimerudi kwa Kaingu, majani ya asili yamerudishwa. Siku tatu, na gari liko vilevile lilivyokuwa!

Ijumaa, 8 Julai.

Baada ya sala, nje ya msikiti, Sefu aliniuliza mbele ya watu kama gari langu hubeba abiria au huwakuna. Watu walicheka. Imamu alikohoa, lakini najua kikohozi cha kicheko. Sefu akaniambia kwa upole wake wa uongo kwamba nikitaka, yeye Jumatano atakuwa anatoka Msambweni na mzigo, anaweza kumchukua mzee. Uso mkavu! Nimemwambia ahsante, mjomba hasafirishwi pamoja na mbata.

Nina miaka arobaini na mbili. Chakula changu anapika dada. Mwanarusi akicheka, mimi husahau nilikuwa nakwenda wapi. Sitamkosa kwa ajili ya vyuma vinne.

Jumamosi, 9 Julai.

Kaingu amekosa mafuta maalumu Likoni. Yatafika Alhamisi. Mjomba anakuja Jumatano! Nilikaa kizingitini nikiwa nimeshika kichwa, na mbele yangu, kwenye kidirisha, chupa mbili za mafuta ya nazi za Kadzo, meupe, laini, yanameremeta kwa jua. Nikaruka.

Mafuta ni mafuta! Tena ya nazi yanapakwa watoto wachanga. Kama ngozi ya mtoto inayapenda, chuma ni nani akatae? Kaingu alikataa kuyagusa, akasema yeye ni fundi, si mpishi. Nimemimina mwenyewe. Kopo la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

Saa saba mchana, jua la utosi, nikaweka bakuli la tui kwenye kiti cha mjomba, nikaenda mpaka Diani na kurudi. Halikumwagika hata tone. Nilisimamisha gari nikatoa machozi. Siyaonei haya.

Jumapili, 10 Julai.

Jaribio la pili, saa nane mchana. Nimemchukua Kadzo mpaka Gazi. Alilala! Alipoamka akauliza chupa zake mbili ziko wapi. Nikamwambia ziko safarini kwa jambo la ukoo. Alinuna. Akasema amebakiwa na chupa moja tu, na kila alfajiri humchukua muda kuisogeza jikoni ipate moto ndipo apake nywele. Wanawake na shida zao ndogondogo.

Jumatatu, 11 Julai.

Nimekutana na Mwanarusi njiani. Akanisalimia, akauliza gari liko tayari? Nikamwambia liko zaidi ya tayari. Akasema mjomba anapenda kuondoka mapema, baada ya sala ya alfajiri, lakini kiuno kikimsumbua mnaweza kuondoka mchana, yeye atamtumia salamu. Mchana? Ili Sefu apate la kusema? Nikamwambia alfajiri ileile. Akacheka. Nikasahau nilikuwa nakwenda wapi, nikarudi nyumbani.

Jumatano, 13 Julai.



Nililala Msambweni kwa rafiki. Alfajiri upepo wa kusi ulikuwa mkali, na manyunyu, baridi ya kuvaa makoti mawili. Nikamwamkia Mzee Chirau shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa vizuri kitini. Mwanangu! Alisema mwanangu.

Gari liligoma kuinama. Si kwamba lilidunda. Halikuinama hata kidogo. Kila kishimo kilipanda moja kwa moja mpaka uti wa mgongo. Shimo la kwanza mzee alisema Bismillahi. La pili, Astaghfirullahi. La tatu kofia yake iligonga dari ikabaki machoni. Nikafikiri ni mwendo mdogo, nikaongeza. Mzee akashika mlango kwa mikono miwili.

Gazi akaomba kushuka. Alishuka kwa mikono. Akainama nyuma ya gari, kikopo kimoja kilikuwa kikivuja uji mweupe. Akauchukua kwa kidole, akaunusa. Akaniuliza kama ni mafuta ya nazi. Nikasema ndiyo, mjomba. Akaniuliza ni mwezi gani. Nikasema Julai. Akaniuliza, bila hasira, kama mama yangu hakunifundisha kwamba alfajiri za Julai mafuta ya nazi huganda.



Hapo ndipo likaja lori. Sefu hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akatandika mkeka juu ya magunia ya mbata, watu wawili wakampandisha mzee, wakamfunika turubai dhidi ya manyunyu. Kabla lori halijatoka Gazi alikuwa anakoroma.

Mimi nilifuata nyuma. Saa nne mvua ikakatika, jua likatoka, mafuta yakayeyuka. Nimeingia Kinondo gari likiwa laini kama godoro la pamba, kiti cha pembeni kitupu.

Ijumaa, 15 Julai.

Jibu limetoka. Sefu. Nikaha baada ya Idi ya kuchinja.

Nilikwenda kwa Bi. Mbeyu kulalamika, nikamkuta Mwanarusi nje anapepeta mchele. Hakunikimbia. Aliniambia mambo ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa sababu yananichoma nikiyabeba kichwani. Mjomba alikuwa ameshakubali. Tangu mwanzo! Alikuja Kinondo kutangaza tu, kwamba mimi, Boga, ndiye mwoaji. Sefu hakuwahi hata kuwaza jambo hilo. Mzee alipoamka juu ya magunia, mbele ya mlango wa Bi. Mbeyu, kiuno hakimuumi kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, akamwuliza dereva kama ana mke. Nikamwuliza, na yeye mwenyewe je? Akasema Sefu ni mtu mzuri. Akaweka ungo chini. Akasema mimi ningekuja na mjomba hata nimempakia kwenye baiskeli, yeye Mwanarusi angekubali.

Nilirudi nyumbani nikalia. Kadzo aliniletea chai.

Kisha nikalifikiri lile neno lake. Baiskeli! Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, na mwanamke hasemi hivyo bure. Idi bado wiki mbili, na mjomba anarudi kwao Jumapili, hajapata wa kumpeleka. Nimetoka kwa Kaingu sasa hivi. Anasema kiti cha nyuma cha baiskeli kinaweza kuwekewa springi mbili. Nimemwambia aweke nne.