Hema la Nyanya na Magoti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Maua! Manne, ya njano, ndani ya hema langu la kuoteshea nyanya kwa taa. Nimeipigia mimea mluzi wa pongezi. Nimesikia mimea hupenda muziki. Mke wangu amechungulia, akauliza maua yanapikwa vipi. Yeye ni mshonaji, na hema limesimama katika chumba cha cherehani. Cherehani iko jikoni, inagombania nafasi na sufuria. Hukumu yake: ikifika Jumapili ya tarehe 23 bila nyanya, hema linatoka. Mama mkwe, anayeishi nasi, ana mnyanya mmoja kwenye ndoo dirishani. Umezaa mpaka umeinama. Sikutazama kwa makusudi.

Jumatano, 5 Juni
Nimeishusha taa mpaka ikakaribia majani. Ukitaka mtoto anenepe, msogezee sahani! Jioni majani ya juu yamejikunja, yamepauka. Kipimajoto: nyuzi arobaini. Maua mawili chini. Mke wangu akasema nimeivisha mmea kabla ya tunda. Nikacheka kidogo, kwa heshima ya ndoa.

Ijumaa, 7 Juni
Akili ni mali! Taa nimeipandisha. Feni ya kufyonza hewa nimeifunga juu ya hema, na bomba lake nikalipitisha kwenye tundu la hewa la ukutani, joto likamwagike upande wa pili. Upande wa pili ni chumbani kwa mama mkwe. Nikajiandaa kwa vita. Akaja anatabasamu, akasema leo magoti yake hayakumsumbua hata kidogo, ahsante mwanangu. Mwanangu! Tangu harusi naitwa "huyu". Nilikwenda kusimama uani kidogo.

Jumatatu, 10 Juni
Joto limepanda tena. Nimekagua feni, waya, zipu. Kila kitu kizima. Mwisho nikachungulia kwa mama mkwe: mdomo wa bomba umezibwa kwa shali na soksi za sufu, zinakauka. Hewa ipite wapi? Nilinyoosha mkono nizitoe. Lakini alikuwa amesinzia kitini, magoti yameelekea bomba, uso umetulia. Nikarudi mikono mitupu. Ua la tatu limeanguka. La nne linanitazama vibaya.

Alhamisi, 13 Juni
Diplomasia. Nimemwomba aanike ndani ya hema, bomba liachwe lipumue. Amekubali haraka mno. Taa nayo sasa inawaka usiku, wakati wa baridi, na kuzimwa mchana: mimea haichemki, magoti yanapashwa. Nyuzi ishirini na sita! Najipongeza, maana hakuna mwingine aliyejitolea. Maua mapya yamefunguka. Balaa moja tu: mama mkwe akiingia kuanika, mabega yake yanagonga kila shina. Akirudi kugeuza soksi, anagonga tena. Nikamsihi aende polepole. Akajibu kwamba hema ndilo dogo, si yeye mkubwa.

Jumanne, 18 Juni
Kitu cha kijani! Kama punje ya njegere! Mluzi wangu umejibu. Mke wangu hakubali. Anasema ua la nyanya lisipotikiswa halishiki tunda. Dirishani kuna upepo, hemani kuna mama. Ile feni ndogo ya kutikisa matawi je, akauliza. Niliizima mapema, ilikuwa inanivurugia mluzi. Nikamwambia sayansi haishonwi. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumapili, 23 Juni
Mke wangu amekuja na uso wa hakimu. Nyanya tatu, kijani, ngumu. Akasema aliomba nyanya, hakuomba vifungo. Haki yake. Nikaanza kuchomoa waya. Nalipenda hema hili, na sioni haya kuandika. Ndipo mama mkwe akasimama mlangoni, akatangaza kuwa hema likitoka naye anatoka. Magoti yake hayarudi kwenye baridi kwa ajili ya cherehani, na "mwanangu" asisumbuliwe. Mke wangu akanitazama, akamtazama mama yake, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Hema linabaki. Cherehani inahamia chumbani kwetu, na nimeibeba mwenyewe bila kunung'unika. Mama mkwe akanipa nyanya moja nyekundu ya ndoo yake. Tamu. Kiasi gani, sitaandika.

Nimetafakari sana kilichoniokoa. Ni mluzi, hakuna ubishi. Kesho naanza kupiga asubuhi na jioni.

Halafu mke wangu amelalamika kwamba miguu yake ni baridi kitandani. Nimepima tu ukuta wa chumba chetu. Hema la pili litaenea kabisa, pale pale ilipo cherehani.