Kuhusu Kufutwa Kwangu Kila Baada ya Dakika Kumi

Nelius Igoki,
Sokoni, Kiritiri.

Kwa Meneja,
Ushirika wa Wafugaji Mbuzi wa Beberu Bora.

Mheshimiwa Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, tena kwa kalamu, kwa sababu karatasi hainifukuzi nikinyamaza.

Mlitangaza kwamba mwanachama atakayejaza vizuri fomu ya tovuti yenu atapewa beberu wa kisasa. Nilifunga duka langu la nafaka nikaenda saiba ya Celina, anayekodisha kompyuta zenye intaneti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Swali la tisa lilisema, "Eleza mbuzi wako." Nina mbuzi saba na hakuna anayefanana na mwenzake. Nilipofika kwa Karembo, ambaye hanywi maji mpaka akunwe shingo, nilitulia nimtafutie neno la haki. Tovuti ikaandika: "Muda wako umekwisha. Ingia upya." Yote yakapotea. Mara tatu! Celina akanieleza, "Mama, ukiingia, unaandikwa kwenye kanzidata kwamba uko ndani. Ukikaa dakika kumi bila kubofya, unafutwa." Meneja, nilikuwa nafikiri. Kwenu kufikiri ni kuondoka?

2. Nilitoka kujinyoosha. Niliporudi nikakaa kwa kompyuta ya dirishani, nayo ikanikaribisha: "Karibu tena, Bw. Ndwiga Njoka." Huyu ni mfuga nyuki wa Siakago. Alikuwa ameingia ili ajitoe kwenye ushirika, kisha akaenda kunywa chai bila kufunga ukurasa wake. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kanzidata yenu, alikuwa bado kitini nilipoketi. Mimi naongoza kwaya ya akina mama kanisani, na sasa kuna rekodi kwamba nilimkalia mwanamume nisiyemjua kwa dakika arobaini.

3. Nikiogopa kufutwa mara ya nne, nilijaza fomu papo hapo kwenye ukurasa wake, nikibofya kila nikivuta pumzi. Ndiyo maana mmempa beberu mtu asiye na hata mbuzi mmoja, na mnamtambua kama mjane mwenye mbuzi saba, anayeimba sauti ya kwanza. Beberu alifikishwa kwake Jumanne. Kufikia saa sita alikuwa ameangusha mizinga miwili, na nyuki wakavunja mkutano wa chifu.

Naomba basi muda wa kukaa ndani uwe siku thelathini. Kabla ya kumfuta mtu, tovuti imuulize mara mbili, "Mama, bado upo?" Bwana Ndwiga aondolewe kabisa kwenye kanzidata, pamoja na kile kiti. Na beberu aletwe kwa mwenye maelezo.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi, hata yule aliyetengeneza tovuti, ambaye namwombea subira.

Ni mimi, mwanachama wenu ambaye hajaenda popote,
Nelius Igoki

N.B. Barua hii imekaa mezani siku nne kwa sababu ya wageni. Bwana Ndwiga alifika mwenyewe, na beberu kwa kamba na chupa ya asali. Alisema, "Nimesoma ile fomu yangu, nikaona nina maisha mazuri kuliko nilivyodhani. Nimekuja kuyaona." Tangu hapo anakuja kila siku. Ni mgane. Tafadhali Meneja, usimfute, wala usirekebishe chochote. Ila pale palipoandikwa hali ya ndoa, msihifadhi kwanza.