Cheni Yangu na Hila za Hashim

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nimemgundua adui. Anaitwa Hashim, na anatabasamu.

Mambo yako hivi. Mzee Mwinyihaji, dobi wetu hapa mtaani Shika Adabu, Likoni, anatafuta mtu mmoja wa kudumu wa kuwapelekea wateja nguo kwa baiskeli. Ametuchukua wawili kwa majaribio, mimi na Hashim. Atachagua baada ya Ijumaa. Nikikosa, Milcah mke wangu ameshaamua: naenda Changamwe kwa kaka yake Gedion, nikalinde kuku wake na kusikiliza mawaidha yake. Gedion hutoa mawaidha hata akiwa anatafuna. Kurudi kusukuma mkokoteni soko la Kongowea haiwezekani, mgongo umekataa. Kwa hiyo ni dobi au kuku.

Asubuhi nilimpelekea Bi Mwanasaumu mashuka. Akatoka mbio na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu anamnyonga jogoo wake. Kumbe ni cheni yangu. Habari ikamfikia mzee kabla sijarudi. Nani kaipeleka? Mzee akaniita, akasema kwa upole ule wake wa kutisha, "Mwanangu Elkana, baiskeli yako yalia. Itie mafuta." Mbele ya Hashim! Hashim akainamisha macho kwa adabu. Nimeiona hiyo adabu.

Tena baiskeli yake haitoi sauti hata kidogo. Unashtukia tu imefika. Baiskeli isiyo na sauti ni ya mtu mwenye jambo lake.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda kwa Fundi Mwarandu, mtengenezaji wa baiskeli pale kwenye kona. Nikatumia ujanja. Nikamwambia kuna rafiki yangu anauliza cheni itiwe mafuta gani. Fundi akaitazama cheni yangu, akasema rafiki yangu huyo ana kutu nyingi. Kisha akanieleza. Kwanza isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa mpaka uchafu utoke. Ikaushwe. Halafu yaje mafuta mepesi, tone dogo kwenye kila kiungo, upande wa ndani. Pedali izungushwe kinyumenyume. Isubiri kidogo. Mwisho uchukue tambara uipanguse, mpaka ukiigusa kidole kitoke kisafi.

Nikamwomba arudie hapo mwisho. Akarudia. Uipanguse!

Nani duniani ananunua mafuta halafu anayapangusa? Nikachungulia kibandani. Kulikuwa na rundo la matambara. Hapo nikaelewa biashara yake. Mkono huu anauza mafuta, mkono ule anauza matambara. Nikamshukuru sana, nikaondoka bila kununua kitu.

Jioni nikajificha nyuma ya tangi la maji la Bi Mwanasaumu. Hashim anakaa mkabala. Niliyoyaona! Akatoa kichupa kidogo. Akadondosha, akazungusha pedali, akangoja. Kisha akachukua tambara, akapangusa! Sawasawa na maneno ya Mwarandu. Basi wameshakutana. Watu wawili hawawezi kusema uongo mmoja bila kupanga.

Nilikuwa bado nawaza hayo, Hashim akapaza sauti bila hata kugeuka. Akanisalimu kwa jina. Akauliza kama kikohozi changu kimepoa. Akasema nikitaka kiti ataniletea, maana hapo nyuma ya tangi pana siafu.

Pana kweli.

Jumatano, 12 Novemba

Hashim amekuja hadi nyumbani! Akapiga hodi, akauliza hali yangu, hali ya Milcah, hali ya ukoo wote, kisha akatoa kile kichupa. "Ndugu yangu, wallahi ni kitu kidogo tu. Jaribu." Mtu mnayegombania kazi moja anakupa mafuta yake mwenyewe! Hata kichaa angeshtuka.

Nilipokea kwa mikono miwili ili asijue kuwa najua. Alipoondoka nikayapima. Nikayatia kwenye cherehani ya Milcah, iliyokuwa imekwama tangu mvua za masika. Kama ni sumu, ife cherehani. (Milcah sikumwambia.) Cherehani ikaamka! Ikaenda kama siku ya kwanza. Milcah akamaliza magauni ya kwaya kabla ya chakula cha mchana na kuniita mume mwema, jambo ambalo sijalisikia tangu tulipohama Junda.

Ushahidi huo. Cherehani imeyakubali, kwa hiyo ni mafuta ya cherehani. Hashim alitaka nitie baiskeli ya mwanamume mafuta ya kushonea magauni. Kidogo aniweze.

Alasiri nikaenda gereji kuomba oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za malori. Nyeusi, nzito, yenye heshima. Fundi wa gereji akauliza kopo zima ni la nini. Nikamwambia ni siri. Kusugua na mafuta ya taa nimeruka, maana kutu ni yangu na inanijua. Nimemwaga kopo lote. Sijapangusa hata tone.

Cheni imenyamaza! Elkana moja, Hashim bila.

Alhamisi, 13 Novemba

Cheni imeota ndevu. Mchanga wote wa Shika Adabu umehamia pale. Nikikanyaga pedali inasaga kama mtu anayetafuna wali wenye mawe.

Tangu lini mchanga ukapanda baiskeli wenyewe? Kuna mtu kaumwaga. Nikamuuliza Hashim kwa kuzungukazunguka kama anapenda mchanga. Akasema anaupenda sana, hasa pale ufukweni jioni. Hakuwa na haya hata kidogo.

Kisha likatoka kubwa. Kesho Najib, mpwa wa Mzee Mwinyihaji, anaoa. Nikaha ni msikitini baada ya swala ya Alasiri. Kanzu ya bwana harusi mzee ameifua mwenyewe na kuipiga pasi mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa karibu nayo. Hashim ndiye atakayeipeleka. Mimi nitapeleka kanzu za wajomba.

Wajomba!

Sasa kila kitu ni wazi. Atakayefika na kanzu ya bwana harusi ndiye mwenye kazi. Mimi nitafika na nguo za wajomba, huku cheni ikisaga mchanga, na Jumatatu nitakuwa Changamwe nahesabu mayai ya Gedion. Niliketi nikafikiri sana. Adui wa cheni huku Likoni ni nani? Ni chumvi ya bahari. Na nani anaijua chumvi kuliko papa? Anaishi ndani ya maji ya chumvi maisha yake yote, na hana kutu hata chembe!

Nikashuka kwa wavuvi. Wana mafuta ya papa, yale wanayopaka mitumbwi isioze. Wakanijazia kopo. Mmoja akauliza mtumbwi wangu uko wapi. Nikamwonyesha baiskeli. Akawaita wenzake waje waone.

Nimeyamimina juu ya oili na mchanga, yote. Kimya! Kimya kitupu! Harufu ipo, siwezi kukataa. Milcah ameitoa baiskeli nje, na nusura anitoe na mimi. Wivu huo. Alitaka mafuta mengine kwa cherehani yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi nimekuta paka wa mtaa mzima wameizunguka baiskeli. Mmoja amekalia tandiko, mwingine analamba gea. Nimemuuliza Milcah nani kawatuma. Amefunga dirisha.

Andika yote Elkana, hata yanayouma.

Nilifika kwa dobi mchana. Mafurushi mawili yalikuwa mezani, yamefungwa kwa mashuka meupe yanayofanana. La bwana harusi lilikuwa na fundo la uzi wa kijani. Hashim alikuwa uani anakunywa maji. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe pepepe, maana amealikwa na angepitiliza huko huko. Kanzu nyeupe, juu ya baiskeli! Nilicheka kimoyomoyo. Nikasema leo yatamkuta.

Mzee alipogeuka kuongeza makaa kwenye pasi, nikahamisha ule uzi wa kijani hadi kwenye furushi la wajomba. Kazi ya mara moja. Ila kuutoa uzi kulilegeza fundo, na kulifunga upya sikupata nafasi, kwa sababu Hashim alirudi akiuliza kama nami nataka maji. Anajua kuchagua wakati.

Nikaondoka na bwana harusi kwenye keria. Baiskeli haikutoa sauti. Paka ndio waliotoa. Walinifuata hadi kwenye duka la simiti, na watoto wakawafuata paka. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Karibu na nyumba ya kina Najib nikahisi kitu kinavuta nyuma. Nikadhani ni paka. Nikakanyaga tena.

Ulikuwa mkono wa kanzu. Ulichomoka kwenye fundo, ukashuka, cheni ikaudaka, ikaula hadi begani.

Wanawake walikuwa mlangoni na vigelegele tayari midomoni. Vikakatika. Bi Mwanasaumu, ambaye ni shangazi wa bwana harusi (hakuna aliyeniambia!), akaifungua ile kanzu mbele ya watu. Nyeusi mkono mzima, na mchanga juu yake. Halafu harufu ikafika. Bibi mmoja akauliza papa kaletwa na nani siku ya biriani.

Mzee Mwinyihaji alikuwa pale. Hakunigombeza. Aliishika ile kanzu kwa ncha za vidole, akaitazama mahali alipopiga pasi kola, akakaa kitako kwenye kizingiti. Niliona uchungu kweli. Nilitamani ardhi ipasuke, hata kama chini yake yuko Gedion. Adhana ya Alasiri ikaanza, na bwana harusi yumo ndani na fulana na kikoi.

Hapo ndipo Hashim akafika na furushi la wajomba, akaomba radhi, akasema anaona mizigo imechanganyika. Akashuka kwenye baiskeli. Watu wote wakamtazama kuanzia kola hadi pindo. Hana doa. Hana hata alama ya kidole! Amekanyaga pedali njia nzima kwa kanzu nyeupe, na pindo lake linang'aa.

Akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akaingia ndani, akatoka na fulana, na Najib akatoka amevaa ile kanzu safi. Ikamkaa kana kwamba kapimiwa. Vigelegele vikarudi. Najib ameoa kwa kanzu ya Hashim, na Hashim amehudhuria nikaha kwa fulana na kikoi cha Najib, nyuma kabisa, karibu na viatu.

Mimi nilibaki nje kulinda baiskeli dhidi ya paka.

Nimewaza jioni yote, na jambo moja halikai sawa. Kanzu ya bwana harusi inaharibika, na papo hapo Hashim anatokea na kanzu nyingine, safi, ya kimo kile kile, amejivika mwilini! Alijuaje?

Jumamosi, 15 Novemba

Hashim amepata kazi. Nilitarajia. Mchezo wenyewe ulianza zamani.

Nilifunga kifurushi changu cha Changamwe. Milcah alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. Akasema hakutaka niende, alisema vile ili nijitahidi. Nikaketi karibu naye. Tukakaa hivyo mpaka hodi ikapigwa. Hashim tena.

Eti amezungumza na mzee. Eti amemwambia makosa ni ya mizigo kuchanganyika, na nani ajuaye ilichanganyikaje. Alisema hivyo akinitazama usoni, kwa huruma. Mzee amekubali nibaki. Sitapanda baiskeli. Nitakaa kwenye beseni kufua, nikianzia na ile kanzu, na nisiinuke mpaka papa aondoke. Milcah alimshukuru Hashim mpaka akalia, akamfungia mahamri.

Mahamri yangu!

Hebu fikiri kwa utulivu. Mtu ameshanishinda. Kwa nini aniombee nibaki? Kuna kitu pale kwenye beseni anataka nisikione, kwa hiyo ameniweka karibu ili nisishuku. Nitashuku.

Jumatatu, 17 Novemba

Siku yangu ya kwanza ya kufua. Nimekaa kimya, macho wazi.

Mzee Mwinyihaji alinionyesha mwenyewe. Nguo ilowekwe. Sabuni isuguliwe kwenye kola na mikono. Iachwe kidogo. Halafu isuuzwe kwa maji safi, tena na tena, mpaka maji yatoke hayana povu hata chembe.

Nikamwomba arudie hapo mwisho. Akarudia.

Isuuzwe! Sabuni nzima nzima, nzuri, yenye harufu ya limau, inasuguliwa kwa jasho halafu inamwagwa mtaroni! Nani duniani ananunua sabuni halafu anaisuuza? Nikamtazama Hashim, aliyekuwa mlangoni anapangusa cheni yake. Akatabasamu. Hapo nikapata jibu la wiki nzima: yeye, Mwarandu na mzee ni kundi moja.

Wasinione mjinga. Mzee alipokwenda kuswali Adhuhuri, nikazianika kanzu zote za swala ya Ijumaa na povu lake, nzito, zinateleza, sabuni yote imo ndani inaendelea na kazi. Hashim alipita, akaitazama kamba, akasimama. Akafungua mdomo kuniambia kitu. Nikamwahi, nikamwambia asante sana ndugu yangu, leo sihitaji msaada.