Uzinduzi wa Mwamba wa Sebuleni

Ilitangazwa rasmi, mbele ya birika la chai na mbele ya mke mmoja, kwamba nyumba ile imeingia katika Zama za Matumbawe. Ilitangazwa pia kwamba sebule, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitumiwa kiholela kwa kukalia, sasa inapewa majukumu mapya ya kitaifa. Mtangazaji alikuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Uzinduzi, ile idara inayohakikisha kwamba hakuna jambo linaloanza nchini bila kukatiwa utepe. Ofisini walimwita Bwana Hatua, kwa kuwa hata kupiga chafya alikugawa katika hatua. Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, hakuinua macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akiyasahihisha.

"Tarehe nimeshapanga," Bwana Hatua alisema. "Mheshimiwa Waziri amekubali kuja mwenyewe kuzindua."

"Kuzindua nini?"

"Tangi la samaki. Kubwa, la kioo, lenye mwamba wa matumbawe kama chini ya bahari."

"Na liko wapi hilo tangi?"

"Mama Watoto, hayo ni masuala ya utekelezaji."

Ieleweke kwamba hakuwa anatania. Katika Idara ya Uzinduzi tarehe hupangwa kwanza, kisha hutafutwa mgeni rasmi, kisha utepe, na kile kinachozinduliwa hukutwa huko huko njiani. Waliwahi kuzindua daraja, na mto ukaombwa uwe mvumilivu. Utaratibu huo ulikuwa haujawahi kumwangusha, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa sababu ya kutosha kuuleta nyumbani.

Sababu nyingine aliificha moyoni, ingawa hata mfagizi wa ofisi aliijua. Kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi. Yeye alikuwa amekikaimu muda mrefu kiasi kwamba kiti chenyewe kilishashika umbo lake, lakini hajathibitishwa. Siku moja kikaoni Waziri alisema, huku akipiga miayo, kwamba samaki wa mapambo humtuliza. Bwana Hatua alirudi nyumbani siku hiyo anatembea haraka. Alikitaka kiti kile kwa moyo wake wote, na hakuona aibu kukitaka, maana kazi yake alikuwa ameifanya.

Kamati ya Mradi iliundwa papo hapo. Yeye alikuwa mwenyekiti. Mkewe aliteuliwa kuwa mjumbe anayeiwakilisha sebule, na fundi seremala wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye maneno mengi kuliko misumari yake, akawa mtaalamu elekezi. Kikao cha kwanza kilijadili meza ya mbao ya kubebea tangi.

"Bosi, kioo hicho kikijaa maji, na mawe, na mchanga, si mchezo," alisema fundi. "Ni kama kuegesha gari humu ndani. Miguu inataka mbao za kueleweka."

"Iingie kwenye kumbukumbu," alisema mwenyekiti.

"Nani anaandika?" aliuliza mkewe.

Hakuna aliyekuwa anaandika. Ikaahirishwa.

Meza ilipochongwa na kusimamishwa ukutani, fundi alitoa pimamaji yake na kuilaza juu. Kile kipovu cha ndani kilikimbilia upande wa mlangoni na kugoma kurudi katikati. Mwenyekiti aliunda Kamati Ndogo ya Usawa, yenye wajumbe wale wale, nao wakapiga magoti kukitazama kipovu kwa zamu.

"Sakafu yenyewe imelala upande, bosi," fundi alisema. "Meza haina kosa."

"Haiwezekani. Nyumba hii niliizindua mwenyewe. Sakafu iliyozinduliwa haiwezi kulala upande."

"Basi dunia ndiyo imelala."

"Hilo linaweza kujadiliwa."

Lilijadiliwa siku kadhaa. Hatimaye iliafikiwa kwamba sakafu iko sawa, ila miguu ya meza ya upande wa dirishani itapewa nyongeza ya kimo kwa kuzingatia mazingira yake magumu ya kazi. Fundi akaongeza vipande vya mbao, kipovu kikarudi katikati, na Kamati Ndogo ikajipongeza. Baada ya hapo palikuwa na mjadala wa milango ya meza, mjadala wa bawaba za milango, na mjadala wa rangi ya vanishi, ambao ulivunjika mara mbili kwa sababu mjumbe wa sebule alienda kupika.

Kwa hiyo tangi lilipoletwa, likajazwa maji ya chumvi, likapangwa mawe na mchanga, likawashiwa pampu na taa, tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshabisha hodi. Na hapo ndipo penye kasoro ndogo. Maji ya tangi la matumbawe hayapokei samaki siku hiyo hiyo. Hukaa kwanza wiki nyingi na mawe yake mpaka yakomae, la sivyo anayetiwa humo hufa. Bwana Hatua alilijua hilo vizuri. Lilikuwemo kwenye mpango wake, kama Hatua ya Mwisho. Nyongeza ya kimo ndiyo iliyomlia muda.

Mawe yakaanza kufunikwa na utando wa kahawia. Kwa mtu mwingine yeyote tangi lile lilikuwa beseni kubwa la maji ya chai. Lakini Bwana Hatua alikuwa amelipenda. Kila asubuhi kabla ya kazi alivuta kigoda, akakaa mbele yake na tai shingoni, akitazama maji yanavyozunguka mawe, na hakuligawa jambo hilo katika hatua yoyote. Mkewe alimwona hivyo na akaanza kupunguza utani wa asubuhi, akaubakiza wa jioni tu.

"Nitanunua samaki wa siku moja," alimwambia mkewe siku mbili kabla ya hafla. "Wa kuonekana tu."

"Halafu?"

"Halafu watakuwa wametimiza wajibu wao."

"Baba Watoto," mkewe alisema, akaweka kalamu chini. "Unaleta viumbe wa Mungu wafie sebuleni kwangu ili mtu asome hotuba?"

Bwana Hatua alikaa kwenye kigoda chake cha asubuhi. Alilitazama tangi na akaona haya, haya ya kweli, iliyompanda hadi masikioni. Akachukua simu na kumpigia msaidizi wa Waziri, kijana mwenye sauti laini kama sabuni, akamwomba wabadilishe hotuba, kwa kuwa samaki bado.

"Hotuba imeshapitishwa, mzee wangu," alisema msaidizi. "Samaki wamo."

"Kwenye tangi hawamo."

"Kwenye hotuba wamo. Sasa unataka Mheshimiwa afuate lipi, hotuba au tangi?"

Mtumishi wa umma wa miaka mingi kama yeye hakuhitaji kufikiri. Alishukuru na kukata simu.

Siku ya siku ilipofika, utepe mwekundu ulizungushwa kwenye meza ya fundi, na sebule ikajaa wakuu wa idara waliovaa suti kama vile tangi ndilo linalooa. Waziri aliingia, akakata utepe, akapokea karatasi kutoka kwa msaidizi wake na kuanza kusoma bila kuinua uso.

"Kama mnavyojionea wenyewe," alisoma, "samaki hawa wa kila rangi wanaogelea kwa amani na mshikamano."

Wageni wakageuka kutazama. Palikuwa na mawe ya kahawia na povu la pampu. Kila mmoja akapiga haraka hesabu ya midomo anayoilisha nyumbani.

"Huyu wa njano ana mbwembwe," alisema Mkuu wa Uhasibu.

"Sasa hivi amejificha nyuma ya jiwe," alisema Mkuu wa Utumishi, asipitwe. "Lakini mimi nampenda yule mwenye milia."

Mpiga picha akaomba watu wasogee kidogo, wanamkinga yule wa bluu. Fundi seremala, aliyealikwa kwa ajili ya meza, alimsogelea mke wa Bwana Hatua kwa wasiwasi.

"Shemeji, nikapime macho?"

"Kunywa soda yako, Fundi."

Bwana Hatua mwenyewe alianza akitoka jasho, lakini makofi yalipozidi jasho likakauka. Mwishoni mwa hotuba alikuwa karibu kabisa kuuona mkia.

Waziri alikunja karatasi. "Kwa kazi hii iliyotukuka," alisema, "natangaza uteuzi." Bwana Hatua akanyoosha tai. "Tangu leo, mwenyeji wetu ni Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Matumbawe ya Ndani."

Makofi yakatikisa vioo. Bwana Hatua alisimama, akashukuru, kisha akasogea karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, na kile kiti cha Idara?"

"Kile tumempa mpwa wangu. Kijana safi. Hii yako ni kubwa zaidi."

"Ofisi zake ziko wapi?"

"Zile pale," Waziri akanyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Na watumishi?"

"Kibao. Tena wachapakazi."

Wageni wote wakatazama nje, na Mkuu wa Uhasibu akasifu ghorofa zile kwa jinsi zilivyopata upepo. Bwana Hatua naye akatazama. Aliona ua wa jirani, kamba ya nguo, na shuka la kijani likikauka. Alijitahidi, maana maisha yake yote alikuwa akiyaona majengo ya namna ile bila shida yoyote. Safari hii hakuona. Alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka mbele ya mke wake, nyumbani kwake, na macho yake yakajaa machozi ambayo hayakuwemo kwenye ratiba.

Mkewe aliyaona. Alikuwa amemtania mume wake tangu siku walipooana, na alikuwa na nia ya kuendelea mpaka uzeeni. Lakini kazi hiyo ilikuwa yake peke yake, na hakuwa amemkaimisha mtu. Akaenda jikoni, akarudi na upawa na mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani.

"Mheshimiwa, hatuwezi kukuacha uondoke mikono mitupu," alisema. "Umewasifu mno samaki wetu."

Akapanda kigoda, akatumbukiza upawa na kuanza kuvizia nyuma ya jiwe. "Mkaidi huyu wa njano," alisema. "Njoo. Njoo kwa mama." Akachota, akamimina mfukoni, akarudi kumtafuta mwenziwe. Kisha akafunga fundo na kumkabidhi Waziri mfuko uliojaa maji ya rangi ya chai.

Waziri aliutazama mfuko. Akawatazama wageni, ambao kila mmoja alikuwa ameshamwona wa njano kwa macho yake mawili. Mpiga picha alikuwa tayari.

"Wazuri," alisema Waziri.

"Shika kwa mikono miwili. Hivyo hivyo, vizuri sana," alisema mwalimu wa darasa la kwanza. "Usiutikise, wanazirai. Usiuweke chini, wanaogopa. Na ukifika nyumbani uwatunze, maana Mkurugenzi Mkuu wa Matumbawe ya Ndani atalazimika kuja kuwakagua. Si ndiyo, Baba Watoto?"

Bwana Hatua alifuta macho. Sauti yake ya ofisini ilimrudia polepole, na alipoipata aliipenda kuliko alivyowahi kuipenda.

"Kila Ijumaa," alisema. "Pamoja na wale watumishi wangu wote, wale wachapakazi. Na wakifa, Mheshimiwa, Mungu apishe mbali, tutalazimika kuunda tume ya uchunguzi."

"Hawatakufa," alisema Waziri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kumaanisha neno alilolisema.

Walimsindikiza hadi garini. Watu wa mtaa walikuwa wamejipanga kando ya barabara kumpungia, lakini yeye hakuweza kupunga, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Dereva aliagizwa aende mwendo wa taratibu asiwashtue samaki, na gari likatambaa mbele ya watu wote, kioo kikiwa chini. Mfuko ulikuwa unavuja. Bwana Hatua, aliyesimama getini na mkono wake ndani ya mkono wa mkewe, aliliona doa likienea kwenye suruali ya Waziri, akamsikia yule msaidizi, kwa sauti yake laini, akimpongeza mkuu wake kwa jinsi yule wa njano alivyomzoea.