Uzinduzi wa Darubini Katika Shamba la Mama Tabita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye leo ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati yangu. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Wachungaji wa madhehebu yote, pamoja na kwaya iliyoniimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Wafanyabiashara wa Tunduma mliokuja na ndugu zenu wa ng'ambo ya mpaka. Wakulima wa kahawa wa Isansa. Na ninyi wengine ambao itifaki haijawapangia jina: itifaki imezingatiwa! (Makofi kutoka jukwaa kuu. Uwanjani mtu mmoja anakohoa.)

Ndugu wananchi, kimsingi mimi, Mhandisi Clever Nzunda, Mratibu Mkuu wa Mpango Mkakati wa Sayari za Mbali, nimesimama hapa kuzindua darubini ya kisasa itakayochunguza sayari zinazozunguka nyota nyingine kabisa, siyo hili jua lenu mnaloanikia kahawa. Najua wengi wenu hamna uelewa. Siwalaumu, ndiyo maana nimesoma mimi. (Miguno.)

Kitaalamu, sayari hizo ni nadra kuonekana zenyewe, kwa sababu mwanga wa nyota unazizidi nguvu. Nzi akipita mbele ya taa ya lori pale mpakani, nawe uko maili tatu, utamwona wapi? Basi mwanasayansi hahangaiki na nzi, anaipima taa. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga unapungua, asilimia moja au chini ya hapo, ikishapita, unarudi. Kwa kiasi kilichopungua tunajua ukubwa wa sayari, na kwa siku zinazopita mpaka upungue tena tunajua urefu wa mwaka wake. Vilevile sayari huivuta nyota ikayumba kidogo, kama mama anavyoyumba mtoto akicheza mgongoni, hata kama mtoto mwenyewe kafunikwa kitenge. Haya yote niliyaelewa katika ziara ya mafunzo ya wiki tatu ughaibuni, ambako tulikwenda mimi, mke wangu na shemeji yangu, kwa niaba yenu. (Sauti: “Shemeji naye mtaalamu?” Vicheko.)

Sasa nije kwenye ardhi. Mama Tabita Mwashiuya, yule aliyesimama pale bila kuitwa, alitoa ekari zake mbili kwa maendeleo. Mibuni elfu moja na themanini, iliyopandwa na marehemu mumewe, tuliing'oa kwa asubuhi moja tu, ufanisi wa asilimia mia! Kwa mujibu wa makubaliano ya mkutano wa kijiji, darubini isipozinduliwa ndani ya miaka mitatu, shamba linarudi kwake. Miaka mitatu inatimia leo saa kumi jioni. Mimi nazindua saa nane. Huo ndio uongozi unaoacha alama! (Makofi ya jukwaa kuu.)

(Mama Tabita: “Mheshimiwa, samahani. Hiyo darubini iko wapi?”)

Mama yangu, hilo ndilo tatizo la watu kuja mkutanoni na masikio wakaacha akili nyumbani. Nimetoka kusema sasa hivi kwamba kitu kutoonekana siyo kutokuwepo! Tunakitambua kwa upungufu kinaouleta. Je, mibuni yako haikupungua? Imepungua. Binti yako Mercy hakuacha chuo cha uuguzi kwa kukosa ada? Ameacha. Basi huo ni ushahidi wa kisayansi kwamba mradi upo, tena ni mkubwa! (Mama Tabita anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, lakini haketi.)

(Mwalimu Edson, wa fizikia katika sekondari ya kata: “Mheshimiwa, mwanga ukipungua mara moja tu, wataalamu hawatangazi sayari. Wanasubiri upungue tena, wanapima na kwa njia nyingine, maana laweza kuwa doa la nyota au kifaa kibovu. Na sisi tumepima kwa njia nyingine. Tumechungulia ndani ya uzio mliouzungushia shamba. Kuna miche mia mbili ya parachichi na kibao chenye jina la shemeji yako.”)

Mwalimu, kaa chini! Parachichi hizo ni sehemu ya miundombinu. Zinazuia vumbi lisifike kwenye vioo vya darubini. (Vicheko vinachukua muda mrefu. Askari mgambo naye anacheka.) Cheka, mgambo, nimekuona.

Kutokana na upotoshaji huu, naagiza mtendaji wa kijiji, dada Ikupa, aandike mafanikio yangu kwenye muhtasari, neno kwa neno. Andika! Vikao vya wadau, arobaini na moja. Utayari wa kisera, asilimia tisini na nne. Ajali kazini, sifuri! Kuna mradi gani wa ukubwa huu Songwe nzima usiojeruhi hata kidole cha kibarua? (Jukwaa kuu linasimama kupiga makofi.)

Songwe! (“Juu!” wanajibu watu watatu.) Sayari! (Yule wa uwanjani anakohoa tena.) Mbona mmepoa?

Nimalizie kwa shukrani za dhati, kwa maana ajali sifuri haiji yenyewe. Namshukuru mtengenezaji wa darubini, ambaye hatukumsumbua kwa oda yoyote tangu mwanzo. Namshukuru dereva ambaye hakuipakia, na mafundi ambao hawakuweka hata tofali moja, kwani asiyepanda juu haanguki. Bila wao kutofanya chochote, rekodi hii isingepatikana. Dada Ikupa, umeyaandika yote?

(Ikupa: “Nimeandika, Mheshimiwa. Haikuagizwa, haikupakiwa, haikujengwa. Tunaomba sahihi yako.”)

Leta kalamu. Niachieni nafasi, sahihi yangu ni ndefu. (Anasaini. Ikupa anagonga mhuri wa kijiji na kuwaonyesha watu karatasi. Mama Tabita anavua kandambili, anaingia ndani ya uzio na kung'oa mche wa kwanza wa parachichi. Mwalimu Edson anang'oa wa pili. Kwaya inafuata.)

Mama! Mama Tabita, hizo ni mali ya shemeji... ni mali ya umma! Mgambo, mzuie! Mgambo, na wewe unaenda wapi na jembe? Jamani, rudini, utepe bado sijakata!